Maabara ilitaja kijidudu, mimi nikamtaja mama mkwe

Mpendwa Mshauri,

Ninaandika barua hii usiku, mtoto akiwa amelala, kwa sababu mchana sipati nafasi ya kukaa peke yangu na mawazo yangu. Nina umri wa miaka 27 na ninaishi Mbagala, Dar es Salaam, katika nyumba ya kupanga yenye familia 5 zinazotumia ua mmoja, bomba moja na choo kimoja. Mume wangu ni dereva wa lori la mizigo la Tunduma, na mara nyingi hupita wiki 2 bila kulala nyumbani. Tuna mtoto mmoja wa kiume, mwenye umri wa miezi 16.

Mtoto alipofikisha miezi 13 nilipata kazi katika duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Nilimwachisha ziwa, kwa kuwa ninatoka nyumbani saa 11 alfajiri na kurudi saa 1 usiku, na mama mkwe akakubali kuja kutoka Muheza kunisaidia kulea. Sitaki kumsema vibaya. Ni mama mwenye huruma, na mtoto amemzoea kuliko anavyonizoea mimi. Lakini tangu afike, mtoto ameharisha mara 4. Mara 3 za mwanzo alipata choo cha majimaji kwa siku 3 au 4, nami nilikuwa nikipita duka la dawa ninaporudi kazini, ninauziwa septrini ya maji au metronidazo, mtoto anapata nafuu, na dawa inayobaki ninaitunza kabatini kwa ajili ya siku nyingine.

Mara ya 4, wiki 6 zilizopita, choo kilikuwa na damu na makamasi, homa ikapanda, na mtoto akawa analia kila anapotaka kujisaidia. Nilimpa septrini iliyobaki kwa siku 2, hali ikazidi kuwa mbaya, tukampeleka hospitali akalazwa. Walichukua choo wakakiotesha maabara, na jibu likaja kwamba ni bakteria anayeitwa shigela, tena wa aina isiyosikia septrini. Alichomwa sindano, akapewa zinki, akapona. Siku ya jibu daktari aliniambia kwamba ugonjwa huo huingia kwa mikono michafu.

Maneno hayo yalinichoma. Mikono inayomlisha mwanangu mchana kutwa ni ya mama mkwe. Ni yeye anayepika uji wa lishe asubuhi na kuuweka katika chupa ya chai mpaka alasiri, ingawa mimi ndiye niliyemwomba apike mara moja tu kwa sababu ya bei ya mkaa. Ni yeye anayempa maziwa kwa chupa ya kunyonyea, na ndiye anayefuga kuku 3 wanaoingia hadi jikoni. Pale pale wodini, mbele ya watu, nilimwambia kwamba ndiye aliyemlisha mwanangu uchafu. Hakunijibu neno. Usiku ule akampigia simu mume wangu na kumwambia kwamba aliyemletea mtoto ugonjwa ni mimi, kwamba nimembemenda kwa kumwachisha ziwa mapema na kukutana na baba yake kabla mtoto hajakomaa.

Tangu siku hiyo hatuzungumzi zaidi ya salamu. Bado anamlea mtoto, lakini wiki iliyopita alifunga begi lake akaliweka nyuma ya mlango, akasema anasubiri nauli tu. Mume wangu anataka nimwombe mama radhi. Mwenzangu kazini ananishauri nitafute dada wa kazi, na dada yangu wa kuzaliwa ananiambia niache kazi nimlee mwanangu mwenyewe. Nimefikiria pia kumpeleka mama akapimwe choo kwa kisingizio cha kupima presha, ili nipate jibu la kumwonesha mume wangu. Mimi mwenyewe tumbo lilinisumbua siku chache kabla mtoto hajaugua, ila sikuwa na muda wa kuugua, na mtoto wa jirani naye aliharisha wiki ile ile, kwa hiyo ninajua kwamba magonjwa yapo. Lakini mwanangu alikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Je, nimwache mama aondoke? Niache kazi? Au niombe radhi kwa jambo ambalo maabara imelithibitisha?

Mama wa Mmoja, Mbagala

*

Mpendwa Mama wa Mmoja,

Pole sana kwa kuuguza. Kumwona mtoto wa mwaka mmoja na miezi michache akitoa damu chooni ni jambo linaloweza kumfanya mzazi yeyote aseme neno ambalo asingelisema siku nyingine, na ninakushukuru kwa kuniandikia bila kuficha hata yale yasiyokupendeza. Nikikuelewa vizuri, unaniuliza mambo mawili kwa pamoja: nani atamlea mtoto mchana, na nani alimletea ugonjwa. Ninaona kwamba swali la pili ndilo linalokuzuia kulijibu la kwanza, kwa hiyo niruhusu nianze na hilo la pili.

Unasema maabara imethibitisha. Tuangalie kwa utulivu kilichothibitishwa. Maabara ilipokea choo cha mtoto, ikakiotesha, ikakuta shigela, na ikaonesha ni dawa zipi zisizomwua. Kipimo hicho kinajibu swali la nini kilichomwuguza mtoto. Hakina uwezo wa kusema kilitoka kwa nani. Daktari aliposema mikono michafu alikuwa anakueleza njia ambayo kijidudu hupita, nawe ukasikia jina la mtu. Sikulaumu, kwa sababu wakati ule ulikuwa na hofu, na mwenye hofu hutafuta mtu wa kumshika.

Bakteria huyu ana tabia ambazo ukizijua zitakusaidia kuisoma upya barua yako mwenyewe. Shigela huishi ndani ya matumbo ya binadamu, na kuku si chanzo chake, kwa hiyo wale kuku 3, kwa ugonjwa huu wa mwisho, hawahusiki. Isitoshe, vijidudu vichache mno, kati ya 10 na 100 tu, vinatosha kumwuguza mtu, wakati ambapo bakteria wengine wa kuharisha, kama salmonela na aina nyingi za E. coli, kwa kawaida huhitaji kuingia kwa maelfu au mamilioni, na ndiyo maana hupenda kwanza kuzaliana ndani ya chakula kilichokaa. Kwa shigela hakuna haja ya uji kukaa. Kidole kilichotoka chooni bila sabuni kinatosha, au inzi aliyetua kwenye kinyesi kisha akatua kwenye kijiko, au mpira ambao mtoto wa jirani ameushika kabla ya mwanao kuutia mdomoni. Dalili huanza mara nyingi siku 1 hadi 3 baada ya kuambukizwa. Mtu mzima anaweza kupatwa na msokoto mdogo wa tumbo tu na kuendelea na shughuli zake, huku akitoa vijidudu chooni kwa wiki kadhaa.

Sasa rudi kwenye sentensi uliyoiandika karibu na mwisho, kana kwamba haina uzito. Tumbo lako lilikusumbua siku chache kabla ya mtoto kuugua. Mtoto wa jirani aliharisha wiki ile ile. Familia 5 zina choo kimoja na bomba moja, na kila mtu hushika mpini ule ule wa ndoo na komeo lile lile la mlango. Wewe ndiye unayekuwa na mtoto kuanzia saa 1 usiku, na huenda ndiye unayemlisha chakula cha jioni na kumlaza. Sisemi haya ili nihamishe lawama kutoka kwa mama mkwe nije nikutwike wewe, kwa kuwa hakuna awezaye kujua shigela yule alipita kwa nani. Ninachokuomba ujiulize ni hiki: je, ni kweli mwanao alikuwa mikononi mwa mtu mmoja, au alikuwa katika ua wa watu wengi, wewe ukiwa mmoja wao?

Kuhusu zile mara 3 za mwanzo tunajua kidogo zaidi, kwani hazikupimwa. Kuharisha majimaji bila damu kwa mtoto wa umri huu husababishwa na mambo mengi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2013, uliofanyika katika nchi 7 za Afrika na Asia, Kenya ikiwemo, ulikuta kwamba sehemu kubwa ya kuharisha kukali kwa watoto wadogo ilitokana na visababishi 4: kirusi cha rota, kimelea kiitwacho kriptosporidi, aina moja ya E. coli yenye sumu, na huyo shigela. Chanjo ya rota, ambayo Tanzania imekuwa ikiwapa watoto tangu mwaka 2013, hupunguza makali ya kirusi hicho, lakini haizuii bakteria. Hapa ndipo uji wa chupa ya chai na wale kuku wanapoweza kuwa na nafasi yao. Uji ukishuka joto chini ya nyuzi 60 na kubaki vuguvugu kwa saa nyingi, bakteria walioingia kwa kijiko au kwa mdomo wa chupa huzaliana kwa wingi, na chupa ya kunyonyea ni ngumu kusafisha pale kwenye chuchu na kwenye mikunjo ya kifuniko, mahali ambapo maziwa huganda. Kuku, kwa upande wao, hubeba bakteria mwingine wa kuharisha, aitwaye kampilobakta, bila kuugua. Utafiti mwingine uliofuatilia watoto katika nchi 8, na Haydom mkoani Manyara ikiwa mojawapo ya vituo vyake, ulimkuta kampilobakta kwa watoto wengi sana kabla hawajatimiza mwaka 1, wengi wao wakiwa hawaharishi siku hiyo, na maambukizi ya kujirudia yakahusishwa na kudumaa. Kwa hiyo wasiwasi wako juu ya jiko lenu si wa bure. Ila kumbuka pia kwamba chupa ya chai iliingia jikoni kwa sababu ya bei ya mkaa, na ombi hilo lilikuwa lako. Mama alitii.

Naomba pia tulizungumze kwa heshima lile neno alilolitumia mama, kwa sababu ninaona limekuumiza. Wazee wetu waliposema mtoto amebemendwa walikuwa wanakieleza kitu walichokiona kwa macho: mtoto aliyeachishwa ziwa mapema huanza kuharisha, hukonda, na miguu yake hukosa nguvu. Walichokiona kilikuwepo. Maziwa ya mama hubeba kinga dhidi ya vijidudu vya tumbo, na yakikoma, mahali pake huchukuliwa na maji, uji na vyombo vinavyoweza kuwa na bakteria, wakati huo huo mtoto akiwa anatambaa na kuonja kila anachokiokota. Lakini tendo la ndoa halichafui maziwa wala halimharishi mtoto, na katika hilo huna hatia. Kunyonyesha hupendekezwa hadi miaka 2 au zaidi, na wewe uliacha mapema kwa sababu ya kazi inayolipa kodi ya nyumba. Ni uamuzi uliokuwa na gharama, kama ulivyo uamuzi wa kila mama afanyaye kazi mbali na nyumbani. Nisamehe kwa kulisema hili: naona wewe na mama mkwe mmefanyiana jambo lile lile. Yeye amechukua neno la wazee, wewe umechukua neno la maabara, na kila mmoja amelitumia kumweleza mwenzake kwamba ndiye aliyemdhuru mtoto ambaye nyote wawili mlikuwa mkimlilia.

Wazo la kumpima mama kwa siri linanitia wasiwasi. Zimepita wiki 6, na kwa kawaida shigela huwa ametoka tumboni ndani ya wiki 4 hivi. Jibu safi leo halitaonesha hali ilivyokuwa wakati ule, na hata akikutwa na kijidudu, halitaonesha kama yeye alimwambukiza mtoto au mtoto ndiye aliyemwambukiza alipokuwa akimtawaza wakati wa ugonjwa. Ungepata karatasi isiyokusaidia, na akija kugundua kisingizio cha presha, ungepoteza kitu kigumu kukirudisha. Ikiwa mnataka kupimwa, daktari anaweza kushauri kama kuna haja, mkaenda wote kwa uwazi, wewe ukiwa wa kwanza.

Sasa nije kwa malezi. Mama akiondoka na ukaleta dada wa kazi, utapata mtu unayeweza kumwelekeza bila kuogopa kuvunja adabu, na ninajua hilo lina unafuu wake. Hata hivyo atakuja kutumia choo kile kile na bomba lile lile, huenda akiwa binti mdogo asiyewahi kuuguza mtoto, na atakayeachwa naye ni mtoto wa miezi 16 ambaye hajaweza kusema kwamba anaumwa. Mwanao pia atampoteza bibi aliyemzoea, mara tu baada ya kulipoteza ziwa. Vituo vya kulelea watoto mchana vinaweza kufaa kama viko karibu, ila shigela husambaa kwa urahisi sana mahali penye watoto wengi wavaao nepi, hivyo ungetakiwa kwenda kujionea mwenyewe nepi zinabadilishiwa wapi, sabuni iko wapi, na mtoto anayeharisha hufanyiwa nini. Kuacha kazi kunaweza kukupa amani ya kumwona mtoto saa zote. Lakini mume wako akiwa njiani wiki 2, mshahara mmoja ukipungua, je, mkaa wa kupika uji mara 3 utatoka wapi? Huenda kuna njia ya katikati ambayo hukuitaja, kama vile kuomba likizo fupi ya siku chache ili kuipanga nyumba upya kabla ya kuamua lolote kubwa. Wewe ndiye unayemjua mwajiri wako na mfuko wako.

Ikiwa mama atabaki, kuna mabadiliko madogo yanayogusa njia halisi za bakteria hawa. Uji unaweza kupikwa kidogo kidogo, sufuria ya mtoto mmoja haili mkaa mwingi, na usioliwa ndani ya saa 2 usirudishwe kwa mtoto. Kikombe na kijiko vinaweza kuchukua nafasi ya chupa ya kunyonyea. Kibuyu chirizi chenye sabuni karibu na choo, ambacho ni dumu dogo na kamba ya kukanyagia, kitawafaa majirani wote, na hapo ndipo penye faida kubwa, kwani ukinawa peke yako katika ua wa familia 5 unabaki na hatari ileile ya jirani asiyenawa. Kunawa mikono kwa sabuni peke yake hupunguza kuharisha kwa karibu asilimia 30. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini. Kuku wakipata banda, mtoto ataacha kutambaa juu ya kinyesi chao.

Dawa ndilo jambo ambalo sitazunguka, kwa sababu linahusu uhai. Naomba usimpe tena mtoto dawa iliyobaki kabatini. Sehemu kubwa ya kuharisha kwa watoto haihitaji antibayotiki kabisa. Metronidazo haimtibu shigela, na dozi nusu nusu za septrini zinawapa bakteria nafasi ya kujenga usugu. Kwa aina fulani ya E. coli inayotoa damu, kumpa mtoto antibayotiki bila uangalizi kunaweza hata kuongeza hatari ya kuharibika kwa figo. Akiharisha, mpe maji ya ORS, pakiti ya lita 1 katika lita 1 kamili ya maji salama, kati ya mililita 50 na 100 kila baada ya choo kwa umri wake, na kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Zinki kwa umri wake ni miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Endelea kumlisha. Ukiona damu chooni, macho yaliyodidimia, ngozi ya tumbo inayorudi polepole unapoifinya, kulegea, kushindwa kunywa, au saa nyingi bila mkojo, nenda hospitali saa hiyo hiyo bila kupitia duka la dawa. Mama mkwe naye azijue dalili hizi, kwa sababu zikitokea saa 5 asubuhi wewe utakuwa Kariakoo.

Umeniuliza kama uombe radhi. Sitakuamulia, ila ninaona kuna mambo mawili ambayo umeyafunga pamoja. Moja ni kukiri kwamba mama ndiye chanzo au siye, na hilo halijulikani. La pili ni yale maneno ya wodini, mbele ya watu, kwa mama aliyeiacha nyumba yake Muheza ili mwanao asilelewe na mgeni. Unaweza kuyaombea radhi hayo ya pili bila kusema uongo juu ya la kwanza. Kama ni vigumu kuanza mwenyewe, mume wako anaweza kukaa nanyi atakaporudi, ingawa kuna hatari kwamba mbele ya mwanawe kila mmoja atajitetea. Au labda ni rahisi zaidi usiku mmoja, mtoto akiwa amelala, ukimwambia lile ambalo bado hujamwambia mtu isipokuwa mimi, kwamba tumbo lako nawe lilikuwa linauma wiki ile.

Mtoto aliyeharisha mara 4 ndani ya miezi 3 anahitaji kupimwa uzito na kulinganishwa na mstari wa kadi yake ya kliniki. Ukipata siku ya kumpeleka, fikiria kumwomba mama afuatane nawe, ili maelezo ya muuguzi kuhusu uji, kikombe na mikono yawafikie nyote wawili kwa wakati mmoja, kutoka kwa mtu ambaye si mkwe wa yeyote. Niandikie unieleze uzito ulisomaje.

Wako,
Mshauri